Dakika Nne za Mwaka Themanini na Tatu

Jumapili, 6 Oktoba

Kwa miaka arobaini na moja nimeficha jambo hili: sijawahi kuukamilisha ule mchemraba.

Wote waliosoma kwangu wanaamini niliukamilisha Novemba 1983. Uliachwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao Ulaya, mchemraba wa plastiki wa kuzungusha, wenye rangi sita za kupangwa kila moja upande wake, wa kwanza kuonekana shuleni kwetu. Nilikuwa mwalimu wa hisabati, nina miaka thelathini na minane, na niliwaahidi wanafunzi kwamba kabla ya kufunga shule nitaupanga. Nilihangaika nao miezi mitano. Jioni ya mwisho nilichemsha birika, nikazilegeza stika zote kwa mvuke, nikazing'oa kwa wembe na kuzibandika upya kwa gundi, kila rangi upande wake. Asubuhi nikauweka juu ya meza ya gwaride, nikasema: "Dakika nne." Shule nzima ikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza nani alishika saa.

Sasa nina miaka sabini na tisa. Moyo umechoka na miguu imevimba. Daktari alimwambia binti yangu Janet aanze kuniandaa, na Janet, ambaye hajui kusema uongo, aliniambia hivyohivyo.

Nimefungua daftari hili kwa sababu nataka mambo mawili. La kwanza, kuupanga mchemraba chini ya dakika nne, ili neno nililolisema liwe kweli japo limechelewa. La pili linamhusu Shimba Machibya. Leo sina nguvu ya kuliandika.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mwalimu wangu ni Dorotea, fundi cherehani anayepanga chumba chetu cha mbele, barabarani hapa Mkolani. Wiki iliyopita umeme ulikatika, cherehani yake ikanyamaza, nikasikia kupitia ukutani mlio kama wa mtu anayetafuna barafu. Nikajikokota hadi mlangoni. Alikuwa na mchemraba mkononi. Alimnunulia mwanawe, mtoto akaenda bweni, mchemraba ukabaki na mama.

"Unaupanga kwa muda gani?" nikamuuliza.

"Nikiwa sina mteja, sekunde arobaini na kitu. Nikiwa na mteja anayenisumbua, thelathini na nane."

Nikamwambia anifundishe. Akacheka hadi akashika meza. "Mimi, darasa la saba, nikufundishe wewe Mwalimu Owiti?"

"Ndiyo."

"Basi kesho usichelewe. Nachapa."

Jumanne, 8 Oktoba

Somo la kwanza. Vipande vya katikati havihami. Sita tu, kila kimoja kinatangaza rangi ya upande wake. Zipo pembe nane zenye rangi tatu tatu, na kingo kumi na mbili zenye rangi mbili mbili. Mwaka 1983 nilikuwa napanga rangi. Kumbe hupangi rangi, unapanga vipande. Miezi mitano na sikuliona hilo.

Jumatano, 9 Oktoba

Msalaba mweupe. Saa nzima.

Ijumaa, 11 Oktoba

Dorotea hana fomula. Ana mishono. Mmoja anauita mshono wa kulia: upande wa kulia unapanda, wa juu unakwenda kushoto, wa kulia unashuka, wa juu unarudi. Vidole vyake vinaufanya kabla hajamaliza kuutaja.

"Kwa nini mshono huu unafanya kazi?" nikauliza.

"Sijui. Unafanya tu."

"Lakini lazima kuna sababu."

"Mwalimu, unafikiri sana. Vidole havikwenda shule. Viache vikumbuke."

Niliporudi kitandani na mchemraba alioniazima, nikaurudia mshono huo peke yake, tena na tena, nikihesabu. Mara ya kwanza vurugu. Mara ya pili vurugu zaidi. Mara ya sita mchemraba ukarudi kama ulivyokuwa, kila kipande kwake. Nikaurudia tena: sita. Nilimwita Janet aje aone. Akaja mbio akidhani moyo umesimama.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeukamilisha!

Dakika arobaini na saba, karatasi ya mishono magotini, Dorotea akiniongoza kwa macho. Kipande cha mwisho kilipokaa, nikaogopa kuuweka mezani. Nilitegemea furaha. Ilikuja, lakini nyuma yake nikasikia aibu, kwa sababu sasa naijua hisia ya jambo hili, na najua watu walinipigia makofi kwa kitu nisichokuwa nimekihisi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Mawe ya mlimani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Dakika 31.

Ijumaa, 25 Oktoba

Dakika 18. Nimeacha karatasi.

Dorotea ameona mchemraba unakwama, akaufungua, akaupangusa vumbi la vitambaa na kuutia tone la silikoni, ile anayopaka uzi usikatike. Sasa unazunguka wenyewe ukiupuliza. Nikamwambia asiulainishe sana, vidole vyangu ni vizito. Akasema, "Utavizoea. Hata mimi mwanzoni nilishona mkono wa shati kwenye shingo."

Jumanne, 29 Oktoba

Miguu. Sikutoka kitandani.

Jumamosi, 2 Novemba

Dakika 9 na nusu. Kisha 11. Kisha 9 na sekunde 50. Naandika zote, hata mbaya. Nimegundua kwamba sipotezi muda kwenye kuzungusha. Napoteza nikisimama kutafuta kipande kinachofuata. Dorotea hasimami. Mkono ukimalizia kipande hiki, jicho limeshapata cha pili. Ndivyo anavyoshona pia: mguu kwenye pedali, jicho sentimita tano mbele ya sindano. Nimemwangalia miaka mitatu akishona na sikuwahi kuona hilo. Nilikuwa naona mpangaji.

Alhamisi, 7 Novemba

Njia mpya. Badala ya kuweka pembe kwanza kisha ukingo wake baadaye, unavitafuta vyote viwili, unaviunganisha juu, unaviingiza pamoja.

"Fungisha ndoa kwanza," Dorotea ananiambia, "halafu ndiyo uwapeleke nyumbani kwao. Wewe unapeleka bwana harusi peke yake, halafu unarudi kumfuata bibi harusi."

Njia hii imenirudisha dakika 14. Nimekasirika kama mwanafunzi. Nilikuwa nikiwaambia watoto wasiogope kurudi nyuma kidogo wanapojifunza njia bora. Ni rahisi kusema ukiwa umeshika chaki.

Jumanne, 12 Novemba

Dakika 6 na sekunde 15. Ndoa zimekubali.

Alhamisi, 14 Novemba

Wadudu wa ziwa wameingia hadi Mkolani, wingu zima kama moshi. Janet alikuwa akiwafagia dirishani, akaugonga mchemraba ukaanguka sakafuni. Ukingo mmoja ukaruka nje. Akaurudisha kwa kuusukuma kwa kidole gumba, akasema, "Pole Baba, mzima huu."

Ijumaa, 15 Novemba

Sijui nina nini leo. Nafika mwisho kabisa, ukingo mmoja wa njano umelala vibaya, rangi zake zimegeuka. Mmoja tu. Nimeuvuruga na kuanza upya mara tano. Kila mara, mmoja. Labda akili imeanza kuondoka kabla ya moyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimempelekea Dorotea. Aliuzungusha kidogo, akautazama, hakuendelea.

"Huu hautoki, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Mmoja peke yake haugeuki. Zinageuka mbili mbili. Huu umegeuzwa na mtu."

Nilikaa kwenye stuli yake ya wateja. Aliniuliza kama aniletee maji. Nikasema ndiyo ili atoke kidogo.

Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza mwezi Machi 1984, darasani, mbele ya wanafunzi arobaini. Aliyeyasema alikuwa Shimba Machibya, kidato cha tatu, miaka kumi na saba, mtoto wa mfugaji wa Sengerema, ambaye kaptula yake ilikuwa na kiraka cha gunia. Baada ya sifa zangu za mchemraba, nilikuwa nimewaachia wanafunzi wajaribu wakati wa mapumziko, nikijua hakuna atakayeweza. Wengine walichoka baada ya siku mbili. Shimba hakuchoka. Hakuna aliyemfundisha. Alichora michoro yake kwa mkaa nyuma ya daftari la jiografia. Kila jioni aliurudisha ofisini kwangu, nikaufungia kabatini, na kila jioni ulikuwa umekaribia zaidi.

Siku hiyo alisimama, akaushika juu, akasema kwa adabu kabisa: "Mwalimu, huu hautoki. Ukingo mmoja umegeuka peke yake, na zinageuka mbili mbili. Mtu ameshika stika."

Nikaona birika, wembe, gundi. Nikahisi wameshajua yote. Nikasema: "Mtu huyo ni wewe."

Nilimpeleka kwa mkuu wa shule. Kuharibu mali ya shule, na kumvunjia mwalimu heshima. Alirudishwa nyumbani muhula mzima. Baba yake alikuja mara moja, akasimama nje ya ofisi yangu ameshika kofia, akaniambia "Shikamoo Mwalimu" ingawa alinizidi umri. Kijana hakurudi. Hakufanya mtihani wa kidato cha nne.

Ukweli ninaotaka kumwambia ni huu: gundi yangu ilikuwa hafifu. Stika mbili za ukingo mmoja zilidondoka kabatini, nami nikazirudisha haraka bila kuangalia ipi ilikaa wapi. Alikuwa sahihi. Nilimwadhibu kwa kosa la gundi yangu.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda kanisani. Nimekaa na karatasi, na nimeipata sababu ambayo Dorotea hana haja nayo. Ukichagua vizuri jinsi ya kuhesabu ukingo uliogeuka na usiogeuka, kila mzunguko ama haugeuzi ukingo wowote, ama unageuza nne kwa pamoja. Kwa hiyo idadi ya zilizogeuka ni shufwa siku zote. Moja haiwezekani, hata uzungushe hadi ziwa likauke.

Uthibitisho unatosha nusu ukurasa. Umenichukua asubuhi nzima, na nina shahada. Shimba aliufikia akiwa na mkaa.

Jumatatu, 18 Novemba

Dorotea ameung'oa ukingo na kuurudisha sawasawa. Dakika 5 na sekunde 40.

Jumatano, 20 Novemba

Kwenye msiba wa mke wangu Akelo, miaka sita iliyopita, mwanafunzi mmoja wa zamani alinidokeza kuwa Shimba ni fundi wa injini za mashua ng'ambo, Kamanga. Nilijifanya sikusikia. Leo nimemuuliza Dorotea kama anamfahamu.

"Fundi Shimba? Nani asiyemfahamu? Shemeji yangu hampelekei mtu mwingine injini yake. Ile anaisikiliza tu, anakuambia imekula nini jana. Una mashua, Mwalimu?"

"Nina neno naye."

Hakuuliza zaidi. Alikata uzi kwa meno, akasema atampigia shemeji.

Dakika 4 na sekunde 48.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Michembe ya viazi vitamu na karanga. Dakika 4:55, 5:10, 4:51.

Jumatano, 27 Novemba

Dakika 4 na sekunde 9. Dorotea aliyeshika saa ya simu alipiga kelele hadi mteja akajichoma pini.

"Sekunde tisa, Mwalimu! Umezipoteza pale ulipokuna pua!"

"Pua iliwasha."

"Pua itasubiri. Rekodi haisubiri."

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hadi kukohoa. Janet alitoka jikoni akatutazama wote wawili kama watoto walioiba sukari.

Jumapili, 1 Desemba

Hospitali tangu Alhamisi. Wametoa maji mwilini. Mchemraba ulikuwa chini ya mto, nesi akauona, akadhani ni kisanduku cha dawa.

Jumanne, 3 Desemba

Nimerudi nyumbani. Dakika 3 na sekunde 52.

Imekuwa kweli. Nilikaa nikiisubiri ile hali ya mtu aliyetua mzigo. Nje magari yalipita kama kawaida. Dorotea alirudi kwenye sare za shule anazotakiwa kumaliza kabla ya Januari. Uongo wa 1983 ulikuwa "dakika nne", sasa dakika nne ni kweli, na hakuna kilichosogea. Nimefanya hesabu sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Jumamosi, 7 Desemba

Shimba amekuja.

Alivuka na kivuko cha asubuhi, ameleta samaki wawili aina ya sato kwenye ndoo. Mwanamume wa miaka hamsini na saba, kichwa kimeota mvi, mikono mipana yenye grisi isiyotoka kwenye mistari ya vidole. Nilitaka kusimama, akanizuia kwa kiganja begani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Shimba."

Akakaa. Akamsalimia Janet, akamtania Dorotea kuhusu shemeji yake asiyebadilisha oili. Kisha akauona mchemraba mezani.

"Bado unao."

"Si ule. Ule sijui ulikwenda wapi."

Nilikuwa nimejiandaa kuanza na maneno. Nikaanza na vidole, kwa sababu ni mwoga. Nikamwomba Dorotea auvuruge na ashike saa. Shimba aliinama mbele, viwiko magotini, akinifuata kila mzunguko. Nilimaliza kwa dakika tatu na sekunde arobaini na nne, bora kuliko zote.

Akapiga makofi. Hata mwaka 1983 alipiga makofi, safu ya tatu, karibu na nguzo ya bendera.

Ndipo nikamwambia. Birika, wembe, gundi. Kwamba stika mbili zilidondoka kabatini nami nikazirudisha bila kuangalia. Kwamba alikuwa sahihi na mimi nikamgeuzia kosa. Dorotea alikuwa ameacha kupima kitambaa. Janet alitoka, nikasikia akifungua maji jikoni na kuyaacha yatiririke.

Shimba aliuchukua mchemraba, akauzungusha upande mmoja tu, kwenda na kurudi, kama anayesikiliza injini.

"Unajua, Mwalimu," akasema, "baba alinipiga nikiri. Nikakiri. Mama aliniuliza, nikakiri. Mchungaji naye. Ukishakiri mara tatu, unaanza kuona. Nilikuwa naviona vidole vyangu hivi vinabandua stika. Kabisa naviona. Hadi leo asubuhi kwenye kivuko nilikuwa najiuliza, hivi kweli sikuzigusa?"

"Hukuzigusa."

"Sasa nimejua." Akaweka mchemraba mezani. "Basi ilikuwa gundi tu. Bahati mbaya. Mtu yeyote angeogopa, Mwalimu, ukiwa mbele ya darasa. Mimi nimekusamehe. Sina kitu moyoni."

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nikasema asante. Nikasema asante mara mbili.

Mlangoni alimuuliza Dorotea huo mshono wa kulia unakwendaje. Alimfundisha palepale kizingitini, akaupata mara ya kwanza.

Jumapili, 8 Desemba

Sikugusa mchemraba.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikugusa. Dorotea amekuja na kiti chake.

"Mwalimu, umemaliza lako. Mbona uso huo?"

"Nimechoka."

"Kuchoka nakujua. Huku siko." Akanitazama kama anavyotazama mshono uliopinda ambao mteja hajauona. "Kuna mteja akijaribu gauni, anasema limemkaa vizuri, na mimi najua bega moja liko juu. Naweza kumwacha aende. Ila kila nikimwona barabarani, naliona bega."

Akarudi kazini.

Jumatano, 11 Desemba

Pumzi fupi. Janet anataka turudi hospitali kesho. Nimemwambia kwanza niandike.

Ijumaa, 13 Desemba

Naandikia kitandani, hospitali. Mvua imeacha, ziwa naliona kwa kipande kidogo dirishani, limetulia. Janet ameahidi kumpa Dorotea daftari hili, na Dorotea ameahidi kulivusha hadi Kamanga kwa mkono wake, si kwa shemeji. Hajalisoma. Ameniambia tu, "Bega?" nikasema ndiyo.

Shimba, yote yaliyo nyuma unaweza kuyasoma au kuyaacha. Ukurasa huu usome.

Nimeishi na habari ya gundi kwa muda mrefu kiasi kwamba mwezi uliopita niliiandika humu ndani, katika daftari ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma. Wewe ulikiri uongo mara tatu ukauamini. Mimi nilijitetea kwa uongo miaka arobaini, nikakaribia kuuamini. Umenisamehe bahati mbaya. Nimeuchukua msamaha huo kwa mikono miwili kama mwizi, na sitaki kufa nao. Ukitaka kuurudisha, urudishe.

Jioni ya kuamkia siku ile ya darasani uliniletea mchemraba ofisini ukasema, "Kesho, Mwalimu." Nilipobaki peke yangu nikautazama. Tabaka la chini, kamili. La katikati, kamili. Juu, kingo zote nne zimekaa. Ulikuwa umebakiza pembe mbili. Nilijua maana yake: mtoto wa kidato cha tatu angesimama darasani na kufanya kweli nilichokuwa nimekifanya kwa birika, na wangekuomba ukirudie, ungekirudia, halafu wangeniomba na mimi.

Gundi yangu ilikuwa imara, Shimba. Stika hazikudondoka. Nilizibandua kwa ukucha wa kidole gumba, mbili za ukingo mmoja, nikazibadilisha nafasi, nikazikandamiza hadi zikashika. Kisha nikauvuruga, na asubuhi nikakuambia wenzako wameuchezea. Nilifanya hivyo kwa sababu siku hiyo ungeumaliza.